Barua Isiyo na Alama ya Kuuliza

Benchi la pale kona, kati ya kibanda cha fundi viatu na mlango wa dobi, lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali mawili yaliyopandana. Anayekaa upande wa matofali hukatazwa kucheka kwa nguvu. Mbele yake kuna jiko la makaa, na juu ya jiko birika la kahawa la mama mmoja ambaye watu wamemwita Bi Birika mpaka jina lake la nyumbani limesahaulika. Wakaaji wa kudumu ni wawili. Kuna Katibu, karani mstaafu wa masijala, aliyepokea barua za watu, akazigonga muhuri na kuzitia kwenye majalada kwa miaka thelathini na mmoja. Na kuna dobi mwenyewe, Mkunjo, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna suruali iliyowahi kutoka kwake bila mkunjo ulionyooka kama rula. Wa tatu hakai benchini. Huyo ni Kisigino, fundi viatu, ambaye huketi kwenye kigoda mlangoni pa kibanda chake, msharasi mkononi, akitoboa ngozi huku masikio ameyaazimisha benchi. Alhamisi hiyo alikuwa anashona makubadhi madogo, ya mguu usiofika urefu wa kiganja chake, na moyo wake haukuwa na raha.

Sababu ilikuwa barua. Ililetwa jana na mtu anayefanya kazi pamoja na mwanawe huko mbali, na mtu huyo alikuwa anarudi leo. Alisema atapita saa kumi kuchukua jibu. Aliyeandika ni mkwe wake Kisigino, mke wa mwanawe wa pekee na mama wa mjukuu wake, mwanamke ambaye hajapata kumwona kwa macho, na aliandika kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha aliyo nayo. Kisigino aliacha shule kabla Kiingereza hakijafika darasani kwao. Jana hiyo hiyo alimpigia mwanawe simu, amtafsirie.

"Baba," mwanawe alisema, "mke wangu amekuandikia wewe. Mimi nikijitia ukalimani, mtabaki wageni mpaka mwisho. Mjibu wewe. Jumatatu natia sahihi ya likizo. Nisipokuwa na jibu lako, nafasi namwachia mwenzangu, tutajaribu mwakani tena."

Lile neno "tena" ndilo lililomkosesha Kisigino usingizi, maana mwaka jana mambo yalikuwa hivi hivi.

— Soma upya, Katibu, alisema. Polepole.

Katibu alivaa miwani, akaikunjua barua juu ya goti.

— Inaanza hivi: "Dear Sir." Mmesikia? Barua ya kiofisi kabisa hii. Nimefungua maelfu zinazoanza hivi.

— Maana yake? aliuliza Bi Birika.

— Bwana Mheshimiwa.

— Mheshimiwa Kisigino! alisema Mkunjo, na benchi likayumba. Mheshimiwa, gundi imekudondokea gotini.

— Wewe kaa vizuri, uko upande wa matofali. Endelea, Katibu.

— "Please tell me when we could come, where we should stay, and what she may call you." Halafu nukta.

— Halafu?

— Halafu sahihi. Imekwisha.

— Yote hiyo, mstari mmoja? Bi Birika alishangaa. Mimi nikimwandikia dada yangu, salamu tu zinamaliza ukurasa.

— Mstari mmoja, mama, lakini una mambo. Sikilizeni niwafundishe. Kiingereza kina vitenzi vya kufanya kazi, na vitenzi hivyo vina wasaidizi. "Could", "should", "may", na ndugu zao. Wasaidizi hawabebi mzigo wenyewe. Wanasimama mbele ya kitenzi kama mlinzi mlangoni, wao ndio wanaokwambia kama utapita, utapitaje, na kwa kibali cha nani. Kule ofisini tuliwajua kwa vyeo. "Must" ndiye mkurugenzi. Akisema, imekwisha. "Should" ni mkuu wa kitengo: anashauri, lakini mpuuze uone. "May" ni ruhusa, inatoka kwa mwenye muhuri. "Might" ni yule aliyeomba nusu siku akampeleke mtoto hospitali, na hakuna ajuaye kama mchana atarudi.

— Na huyo "could"?

— "Could" ni "can" ya zamani. Mstaafu.

— Kumbe mnajuana, alisema Bi Birika, akammiminia kikombe.

Katibu alikunywa bila kununa. Alikuwa kwenye maji yake sasa.

— Kisha kuna waulizaji. "When", "where", "what". Lini, wapi, nini. Muulizaji akitangulia mbele ya msaidizi, jambo linakuwa zito.

— Zito kiasi gani?

— Jalada jekundu.

Sindano ya Kisigino ilisimama katikati ya ngozi.

— Katibu, mimi nataka kujua wanakuja au hawaji.

— Tunafika huko, fundi, usikimbilie mkia wa barua. Tuchukue kipande cha kwanza. "When we could come." Lini tuliweza kuja. Mstaafu huyo, anazungumzia yaliyopita. Anasema kuna siku waliweza kuja, na siku hiyo imeshapita.

— Walikuja! Mkunjo aliruka. Walikuja wakarudi! Wiki iliyopita si lilipita gari jeupe hapa, likapunguza mwendo, likatuangalia?

— Lile lilikuwa la mikate, alisema Bi Birika.

— Na mtu anayetaka kuchunguza wakwe zake bila kujulikana apande gari gani? Si hilo hilo la mikate? Wamekuja, wamemwona mzee ana gundi mpaka kwenye nyusi, wamegeuza.

— Mkunjo, nyusi zangu zina nini?

— Mimi sisemi kitu, ndugu yangu. Nasoma barua tu.

— Hujashika hata ncha yake!

— Kipande cha pili, alikata Katibu. "Where we should stay." Hapo ameingia mkuu wa kitengo. Hasemi wapi tutalala. Anasema wapi inapasa tukae. Kuna wajibu hapo, kuna sheria imenyoosha kidole.

— Sheria gani?

— Ndiyo hapo sasa. Mtu wa kulala siku mbili hazungumzii yanayopasa. Hawa wanahamia.

— Wanahamia wapi? Kisigino aliuliza. Nina chumba kimoja na kile cha kuwekea ngozi.

Mkunjo alikuwa ameshaanza kupima kwa vidole hewani. Kitanda cha mzee kikisukumwa ukutani, alisema, meza ikatolewa nje, soli zikahamia kwake dobini, mkwe atalala pale, mtoto pale, mwanawe juu ya ngozi, na mzee mwenyewe, kwa heshima zote, hapa benchini.

— Upande wa matofali, alisema Bi Birika.

Kisigino alicheka nao, kwa kuwa ilichekesha. Lakini aliposhika tena sindano alijikuta anapima kweli, kimyakimya, kama kitanda kingeingia pale kwenye soli. Kingeingia. Alikuwa ameshakipima mwaka jana.

— Cha tatu ndicho kibaya, Katibu aliendelea, akashusha sauti. "What she may call you." Hapo pana "may". Ruhusa. Mtoto anapewa ruhusa ya kukuita kitu, na kitu chenyewe hakijatajwa. Kwa nini hakijatajwa? Kwa sababu kinaandaliwa. Fundi, hawa watu wanakubadilisha jina.

— Eti nini?

— Nimesikia huko ng'ambo inafanyika, alisema Mkunjo, ambaye hakuwa amesikia chochote. Mzee anaingizwa kwenye karatasi za familia upya. Unalala Kisigino, unaamka mtu mwingine.

— Na kitambulisho changu?

— Wanakata kona yake.

— Nyie wanaume, alisema Bi Birika. Mmesema "may" ni ruhusa. Anayeomba ruhusa ya kumwita mtu, si lazima kuna aliyemnyima? Nani alimnyima?

Hapo palikuwa na swali, na wote watatu waliligeukia birika. Mkunjo alisema kahawa ya leo imekolea. Katibu alisema ndiyo, imekolea. Kisigino aliinama akatafuta chini ya kigoda uzi uliokuwa shingoni mwake.

Katibu ndiye aliyewaokoa. Alirudi kwenye karatasi, akaileta karibu na miwani, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata jalada lililopotea.

— Jamani. Hapa hakuna alama ya kuuliza.

— Iko wapi?

— Haipo! Tena tazameni alivyopanga. Angekuwa anauliza, angetanguliza msaidizi, aseme "when could we". Yeye kamtanguliza "we". Kwa hiyo hili si swali. Ni taarifa. Na taarifa haijibiwi, fundi. Inapokelewa.

Akafungua mkoba, akatoa kidau cha wino na muhuri wa mpini wa mbao. Alistaafu nao, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza. Akaandika kwenye karatasi safi, kwa mwandiko wake mzuri uliolala upande mmoja, Kiingereza juu na Kiswahili chini ili kila mtu afuate:

"Barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi."

— Si ndivyo tulivyomjibu mwaka jana? Kisigino aliuliza.

— Neno kwa neno. Na hatukupata lalamiko hata moja.

— Hamkupata na mgeni, alisema Bi Birika.

Saa kumi kasorobo, alitokea kwenye kona mwanamke anayerukaruka kwa mguu mmoja, kiatu kimoja kimevaliwa na kingine kimeshikwa mkononi, mkanda umening'inia. Mkunjo alimpisha kwenye benchi, akakumbuka, akamsogeza upande wa mbao.

— Shikamoo mzee. Kimenikatikia hapo njiani. Kinashonwa sasa hivi, au nirudi?

— Marahaba. Keti dada, ni sindano nne tu.

Kisigino aliupokea mguu wa kiatu, akachukua chaki. Kila kiatu kinachoingia kwenye kibanda kile huandikwa chini ya soli jina la mwenyewe, jinsi Kisigino anavyomjua yeye. Rafuni siku hiyo palikuwa na "Mwalimu wa Hesabu", "Mama Pacha", na jozi moja ya buti iliyoandikwa "Bwana Haraka", iliyokuwa pale tangu mwezi uliopita.

— Nikuandike nani?

— Andika utakavyoniita.

Akaandika "Dada Mguu Mmoja". Mwanamke akasoma, akacheka, akapokea kikombe kwa Bi Birika. Kisha akaiona barua, imelazwa kifudifudi gotini kwa Katibu, na pembeni yake jibu lililogongwa muhuri likikauka. Upande ule wa nyuma haukuwa na neno. Ulikuwa na mchoro wa kalamu ya risasi, mguu mdogo wa kulia uliozungushiwa mstari.

— Mguu wa nani huo?

— Hiyo ni sahihi ya mtoto, alieleza Katibu. Hajafika umri wa kuandika, kwa hiyo wamechukua unyayo. Ni utaratibu.

— Si sahihi, alisema Kisigino taratibu. Ni kipimo.

Walimgeukia. Hakuwa amewaambia. Upande ule wa barua alikuwa ameusoma jana peke yake, mara tu ulipomfikia mkononi, na hakuhitaji mkalimani. Kisigino chembamba. Unyayo wenye upinde. Kidole gumba kilichokwenda nje kidogo, kama cha marehemu mkewe, ambaye kila kiatu cha dukani kilimuumiza mpaka Kisigino alipoanza kumshonea mwenyewe. Alinakili mchoro ule kwenye ngozi kabla hajamtafuta Katibu, na makubadhi aliyokuwa akiyashona tangu asubuhi yalikuwa ya mguu huo.

— Mjukuu wangu, alisema. Ana miaka minne.

Dada Mguu Mmoja alinyoosha mkono.

— Naweza kuona?

Katibu alimpa pamoja na tahadhari: barua ina wasaidizi watatu na waulizaji watatu, haina swali hata moja, na imeshapokelewa. Mwanamke alisoma mara moja tu, midomo imefungwa.

— Mmemjibu?

— Tunamjibu hivi, alisema Katibu, akamwonyesha.

— Lakini yeye ameuliza.

— Alama ya kuuliza iko wapi?

— Mzee wangu, mtoto akikunyooshea mikono umbebe, huwa anaweka alama ya kuuliza?

Bi Birika alipiga makofi mara moja. Mkunjo alisahau alipokaa, akacheka, na Katibu akalazimika kulishika benchi kwa mikono miwili.

— Anauliza tu, mwanamke aliendelea, sasa akimwelekea Kisigino. Kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa vidole viwili. Tafadhali niambie tungeweza kuja lini. Ni afadhali tufikie wapi. Na mtoto akuite nani. Wale wasaidizi ni adabu yake tu, baba. Hawezi kusema nakuja kesho, nalala kwako. Anangoja useme wewe.

— Ndiyo yote? Kisigino aliuliza.

— Na huku chini.

— Huko chini hakuhesabiki, alisema Katibu haraka. Kilicho chini ya sahihi hakiingii kwenye jalada. Ndiyo kanuni.

— Chini ya sahihi kuna nini? Kisigino alisimama. Katika miaka yote hakuna aliyepata kumwona amesimama na kiatu cha mteja hakijaisha.

Mwanamke aliisogeza barua kwenye mwanga.

— Anasema: "Sijui mguu wake ni namba ngapi kwenu, ndiyo maana nimeuchora. Mwaka jana uliniambia jambo linafanyiwa kazi. Nimekuwa nikingoja likamilike. Na mimi pia, sijui niruhusiwe kukuita nani. Nimeandika 'Bwana' kwa sababu sikuwa na jina lingine."

Katibu alivua miwani. Aliifuta muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

— Mwaka mzima anangoja? alisema. Mimi nilidhani... Ofisini, ukimwambia mtu hivyo, huwa anaelewa asirudi.



— Sasa baba, aliuliza Dada Mguu Mmoja, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya uzi. Wakuite nani?

Mkunjo aliangalia mkunjo wa suruali yake. Bi Birika aliinua birika, akalikuta jepesi, akalitikisa. Kahawa ilikuwa imekwisha. Palibaki machicha yanayogonga bati.

Jibu lilionekana rahisi, na mwanamke alingoja akishangaa mbona wazee watatu na mama mmoja wamekosa neno moja. Hakuwapo siku ile. Miaka mitano nyuma, simu ya Kisigino ilikuwa imewekwa sauti ya juu hapo hapo benchini, mwanawe akimwambia kwamba ameoa, na ameoa huko huko, bila kungoja. Kisigino alisema, benchi zima likisikia: "Huyo asiniite baba." Mkunjo alipiga paja kwa furaha. Katibu alisema hayo ndiyo maneno ya mwenye nyumba. Walikunywa kahawa mbili mbili. Kisigino peke yake ndiye aliyeisikia, kabla simu haijakatika, sauti ya mwanamke kwa mbali ikimuuliza mwanawe kitu, na mwanawe akikaa kimya. Hakupata kujua aliuliza nini. Sasa alijua.

— Tumwandikie... alianza Mkunjo.

— Tumwandikie kwamba... alisema Katibu, kalamu hewani.

Kisigino alikuwa amerudi kwenye kigoda. Alishona sindano nne za kiatu cha mwanamke, akakata uzi kwa meno, akafuta chaki kwa kiganja, akamrudishia. Kisha akayachukua makubadhi madogo, akayageuza, soli juu, akayapanga juu ya paja. Akashika chaki.

— Chaki inafutika, fundi, alisema Mkunjo kwa sauti ndogo. Njia ni ndefu.

Kisigino aliitazama chaki, akaiweka chini.

— Bi Birika, hayo makaa bado yana moto?

— Kahawa ndiyo imekwisha. Moto upo.

Akauzika msharasi kwenye makaa, akangoja ncha iwe nyekundu. Alipoanza kuandika, ngozi ilitoa moshi mwembamba, na wote walisogea, hata Katibu, ambaye alikuwa amekiweka kidau cha wino mfukoni bila kukifunga. Kwenye soli ya kushoto Kisigino aliandika herufi nne: BABU. Aliupeleka tena msharasi motoni. Kwenye soli ya kulia mkono wake ulikaa kidogo hewani, kisha ukashuka, ukaandika nyingine nne: BABA.

— La kushoto asome mtoto, alisema bila kuinua kichwa. La kulia asome mama yake.

— Watakuja lini, na walale wapi, hukujibu, alisema Katibu. Aliona maneno yake yanavyosikika, akajirekebisha. Naomba kuuliza tu, fundi.

— Andika wewe, una mwandiko mzuri. Andika waje siku yoyote. Kitanda kinaingia pale kwenye soli, nimepima. Na usigonge muhuri.

Mtu wa safari alikuwa anakata kona, begi begani, akitazama saa. Katibu aliandika mbio, kwa herufi zilizosahau kulala upande mmoja, na alipomaliza, mkono wake ulikwenda wenyewe mkobani, ukaugusa mpini wa mbao, ukarudi mtupu.